Wiki tatu kabla ya Ironman: mazoezi makubwa yamekwisha, hatari bado ipo

Siku ya posho tarehe 11 mwezi wa kumi 2025, Mmarekani Taylor Knibb alikuwa mbele ya wanawake wote katika mashindano ya dunia ya Ironman huko Kona, kwenye kisiwa cha Hawaii. Alikuwa ameogelea karibu kilometa nne baharini, akapanda baiskeli kilometa 180, na alikuwa akikimbia maratoni juu ya lami yenye joto kali. Zilibaki kama kilometa tatu hivi. Hapo miguu ikakataa. Akakaa chini kando ya barabara, na mashindano yake yakaishia hapo.

Kabla yake, Mwingereza Lucy Charles-Barclay, bingwa wa mwaka 2023, ambaye naye alikuwa ameongoza siku hiyo, alikuwa amekwisha kuacha njiani kwa sababu ya joto. Mnorwe Solveig Løvseth, aliyekuwa anashiriki mashindano hayo ya dunia kwa mara ya kwanza, akapita na kushinda. Kat Matthews wa Uingereza alifika nyuma yake kabla dakika moja haijatimia, baada ya zaidi ya saa nane za kazi.

Hakuna anayeweza kusema kwamba Knibb na Charles-Barclay hawakufanya mazoezi ya kutosha. Ni wanawake wanaoishi kwa kazi hiyo, asubuhi, mchana na jioni. Yaliyotokea Kona yanawakumbusha wote wanaojiandaa kwa triatloni ndefu, wenye kulipwa na wasiolipwa, kwamba mtu anaweza kufika siku ya mwisho akiwa na nguvu zote na bado mwili ukamwacha. Ndiyo maana wiki tatu za mwisho zinaogopwa kuliko miezi yote iliyotangulia. Nguvu mpya haziongezeki tena. Kinachobaki ni kuzifikisha salama, na hiyo ni kazi yenye mitego mingi.

Ubishi wa wanajeshi uliozaa mashindano

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: triatloni ni kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia, mfululizo, bila saa kusimamishwa. Ile inayoitwa Ironman ni kilometa 3.8 za maji, 180 za baiskeli na 42.2 za miguu. Mtu anapewa saa 17 kumaliza yote. Ukifika dakika moja baada ya hapo, hukuhesabiwa.

Ilianza kama ubishi. Mwanajeshi wa maji wa Marekani, John Collins, na mke wake Judy, walikuwa Hawaii, ambako watu walibishana ni nani mwenye mwili imara zaidi: muogeleaji, mkimbiaji au mpanda baiskeli. Collins akapendekeza kuunganisha mashindano matatu yaliyokuwa tayari yanafanyika katika kisiwa cha Oahu. Tarehe 18 mwezi wa pili 1978 walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mwaka 1981 mashindano yakahamia kisiwa kikubwa cha Hawaii, upande wa Kona. Leo mwanaume mwenye rekodi ya Kona, Mjerumani Patrick Lange, ameifanya njia hiyo kwa saa 7, dakika 35 na sekunde 53. Ilikuwa mwaka 2024.

Lakini wengi wanaoanza hawatafuti rekodi. Ni walimu, waganga, wafanyabiashara, akina mama wenye watoto, wazee wa zaidi ya miaka sabini. Hao wanafanya mazoezi kabla jua halijatoka na baada ya kazi, kwa muda wa miezi sita au mwaka mzima. Ndio wanaoteseka zaidi wiki za mwisho, kwa sababu hawana kocha wa kuwashika mkono kila siku.

Kupumzika kunaogopesha

Safari ndefu ya mwisho ya baiskeli hufanyika wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe. Mbio ndefu ya mwisho pia. Baada ya hapo, mtu anatakiwa kupunguza.

Kupunguza kiasi gani? Mwaka 2007 mtafiti Laurent Bosquet na wenzake walikusanya tafiti 27 juu ya jambo hili, za wakimbiaji, waogeleaji na wapanda baiskeli. Walichokiona ni kwamba faida kubwa zaidi inapatikana kwa wiki mbili za kupunguza, ambapo wingi wa mazoezi unashuka kwa asilimia 41 hadi 60. Kasi haipunguzwi. Idadi ya siku za mazoezi pia haipunguzwi. Aliyezoea kukimbia mara nne kwa wiki anaendelea kukimbia mara nne, ila kwa muda mfupi, na ndani yake anaweka dakika chache za kasi ileile ya mashindano.

Kwa maneno, jambo hili ni rahisi, lakini miguu haikubali upesi. Mtu aliyezoea saa kumi na tano za mazoezi kwa wiki anajikuta ana jioni tupu. Anaanza kusikia goti ambalo halikuwahi kuuma. Koo linawasha, analala vibaya, anagombana na watu wa nyumbani. Wanaofundisha mchezo huu wanayajua maumivu hayo, na mengi yanatoweka yenyewe asubuhi ya mashindano. Yanatokea kwa sababu mwili unajitengeneza, misuli inajaza akiba yake, na kichwa hakina tena uchovu wa kukifunika.

Kosa la kawaida ni kulipa deni. Aliyekosa wiki moja ya mazoezi kwa sababu ya malaria, msiba au kazi, anajaribu kuirudisha siku kumi kabla ya mashindano. Deni hilo halilipiki. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi wiki mbili ili zoezi zito ligeuke kuwa nguvu, kwa hiyo zoezi zito la wiki ya mwisho linaacha uchovu peke yake. Anayefika na mazoezi pungufu kidogo lakini amepumzika kwa kawaida humpita aliyechoka.

Kuna pia ajali. Mwaka 2011 Mwingereza Chrissie Wellington, aliyekuwa amekwisha kushinda Kona mara tatu, alianguka na baiskeli wiki mbili tu kabla ya mashindano. Ngozi ilichunika, msuli wa kifua ukaumia, na kidonda kikaingia vijidudu mpaka akahitaji dawa za antibiotiki. Hakuweza kuogelea inavyopasa. Siku ya mashindano alitoka kwenye baiskeli akiwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya dakika ishirini, kisha akakimbia akiwapita mmoja baada ya mwingine, na kushinda kwa mara ya nne. Habari hiyo inasimuliwa sana kama ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini makocha wanaitumia kwa maana nyingine pia: hata bingwa wa dunia anaweza kuanguka katika mazoezi ya kawaida. Ndiyo maana wengi wao, wiki za mwisho, wanawaondoa wachezaji wao kwenye miteremko mikali na kwenye vikundi vya baiskeli vinavyokwenda kwa kusongamana.

Joto na mawe meusi

Mkaaji wa Goma akifikishwa Kona angeyatambua mawe kabla ya kuuliza jina la mahali. Barabara ya Queen Kaʻahumanu, ambapo sehemu kubwa ya baiskeli na maratoni hufanyika, imepita katikati ya lava nyeusi, kavu, isiyo na kivuli. Uwanja wa ndege wa Kona umejengwa juu ya lava iliyoshuka kutoka mlima Hualalai mwaka 1801. Goma inajua mambo hayo: mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya ndege, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ikashuka tena mpaka ukingoni mwa mji. Tofauti ni kwamba Goma iko juu, karibu mita 1,500, na upepo wa Ziwa Kivu unapooza. Kona iko usawa wa bahari. Hewa inafika nyuzi 30 na zaidi, ina unyevu mwingi, na mawe yale yanalirudisha joto la jua usoni mwa mtu. Bahari yenyewe ina nyuzi 26 hivi, na mavazi ya mpira yanayowasaidia waogeleaji kuelea hayaruhusiwi.

Mwili unaweza kuzoezwa joto, na hilo ni mojawapo ya mambo machache ambayo bado yanaongeza kitu katika wiki za mwisho. Zinahitajika siku kumi hadi kumi na nne. Sehemu ya maji ya damu inaongezeka, jasho linaanza mapema zaidi, moyo unapiga polepole zaidi kwa kazi ileile. Anayetoka nchi ya baridi anafanya mazoezi ndani ya chumba kilichofungwa, amevaa nguo nzito, au anaingia sauna. Watafiti wa chuo kikuu cha Bangor huko Wales walionyesha njia ya bei nafuu zaidi: baada ya zoezi la kawaida, kukaa katika beseni la maji ya nyuzi 40 kwa muda usiozidi dakika 40, siku sita mfululizo. Anayejaribu asiwe peke yake nyumbani, na akisikia kizunguzungu atoke mara moja. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha asijaribu bila kumuuliza munganga.

Yote hayo, hata hivyo, hayamhakikishii mtu kitu. Joto la Kona limewaangusha waliolizoea. Mwezi wa pili 1982, Julie Moss, mwanafunzi ambaye hakujulikana, alikuwa anaongoza mpaka mita za mwisho. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita karibu na mstari. Moss akamaliza kwa kutambaa na mikono na magoti, sekunde 29 nyuma. Picha zile zilionyeshwa na televisheni ya ABC, na ndizo zilizowafanya watu wengi duniani wajue kwamba mchezo huu upo.

Sahani ya wali

Misuli na ini huhifadhi wanga kwa namna ya glikojeni, ambayo ni mafuta ya mashine kwa mtu wa mbio ndefu. Akiba hiyo haitoshi kwa saa nane, sembuse kumi na tano. Kwa hiyo siku mbili za mwisho zinatumika kuijaza. Kiasi kinachopendekezwa na wataalamu wa chakula cha michezo ni gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya mwili, kwa siku.

Mtu wa kilo 70 anahitaji basi gramu 700 angalau. Akizitafuta kwenye wali mtupu, ni kama kilo mbili na nusu za wali uliopikwa, kwa siku moja. Hakuna anayekula hivyo kwa raha. Wanachanganya: mkate, viazi, ndizi, juisi, asali, sukari kwenye chai. Maharage, sombe na mboga zenye nyuzinyuzi nyingi, vyakula vizuri siku zote, vinaachwa kwa siku hizo mbili, kwa sababu tumbo lililojaa nyuzinyuzi linadai choo barabarani. Nyama ya kukaanga na pilipili vivyo hivyo. Mtu anaongezeka kilo moja au mbili na kuogopa kwamba amenenepa. Ni maji tu, kwa sababu kila gramu ya glikojeni inashika kama gramu tatu za maji.

Siku yenyewe, wanaomaliza vizuri wanakula gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, hasa wakiwa kwenye baiskeli. Chupa ndogo ya soda ina karibu gramu 35 za sukari. Hesabu hiyo inaweza kufika chupa mbili na nusu kila saa, kwa muda wa saa nyingi. Tumbo lisilozoezwa linatapika. Kwa hiyo kila jeli, kila biskuti, kila kinywaji kinajaribiwa katika mazoezi ya wiki zilizotangulia, na katika wiki ya mwisho hakuna kipya kinachoingia kinywani. Viatu vipya, nguo mpya, tandiko jipya la baiskeli: vivyo hivyo. Sokoni katika mji wa mashindano, wauzaji wanajua udhaifu wa watu hawa na kupanga vitu vinavyong'aa mbele yao.

Juu ya maji kuna kosa la upande wa pili, ambalo wengi hawalijui. Kunywa kupita kiasi kunapunguza chumvi ya damu, na kunaweza kuua. Katika maratoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza: asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito wakiwa mbioni, yaani waliokunywa kuliko walivyotoka jasho. Katika wiki za mazoezi, mtu anajipima uzito kabla na baada ya kukimbia saa moja, na hapo anajua jasho lake. Mizani ya kawaida inatosha.

Majini ndiko wanakokufa

Watu wanaogopa maratoni. Takwimu zinasema waogope maji. Watafiti waliohesabu visa vya vifo na vya moyo kusimama katika triatloni za Marekani, kutoka 1985 mpaka 2016, walipata 135. Kati ya hivyo, 90 vilitokea wakati wa kuogelea. Wengi walikuwa wanaume, na hatari ilipanda sana kwa wanaume wenye umri mkubwa.

Katika bwawa mtu anaona sakafu na ukuta. Baharini au ziwani kuna mamia ya watu wanaogonga mikono, maji ya chumvi mdomoni, moyo unaopiga kwa hofu, na hakuna pa kushika. Kwa hiyo maandalizi ya mwisho yanayostahili heshima kuliko yote ni mawili yasiyopendeza kwenye picha. La kwanza ni kwenda kwa munganga kabla, kupimwa presha na moyo, hasa kwa aliyevuka miaka arobaini. La pili ni kuogelea mara kadhaa katika maji ya wazi pamoja na wengine, kujifunza kugeuka chali na kupumua hofu inapokuja, na kuinua mkono kuita mtumbwi wa waokoaji bila aibu.

Mlango wa karibu uko Rubavu

Kushiriki Ironman kamili kunagharimu zaidi ya dola elfu moja kwa kujiandikisha mahali kama Kona, kabla ya tiketi ya ndege, hoteli na baiskeli yenyewe. Ni pesa nyingi kwa mtu wa Bukavu, Kindu au Lubumbashi. Nguvu haikosekani. Wapanda toleka wa Kisangani wanabeba abiria jua kali mchana kutwa, na vijana wa chukudu mjini Goma wanasukuma mizigo ambayo mchezaji wa Ulaya asingeijaribu. Wanachokosa ni mabwawa ya kuogelea, baiskeli za mashindano na mtu wa kuwaandikisha.

Mlango ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya mpaka. Tangu 2022, Rubavu, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, umepokea mashindano ya nusu ya umbali: kilometa 1.9 ndani ya Ziwa Kivu, 90 za baiskeli, 21.1 za miguu. Ni maji yaleyale ambayo watoto wa Goma wanaogelea. Kwa hali ya vita na ya mpaka, hatua hizo chache zimekuwa safari ndefu kuliko zinavyoonekana kwenye ramani, na hilo halitengenezwi na programu yoyote ya mazoezi. Anayefanya mazoezi upande huu anakutana pia na faida moja ya bure: mwinuko. Mwili uliozoea hewa nyepesi ya mita 1,460 unashuka usawa wa bahari ukiwa na nafasi nzuri, ilimradi uzoee na joto.

Kuhusu Kona, kwa miaka mitatu mashindano ya dunia yaligawanywa, wanaume na wanawake wakipishana kati ya Hawaii na mji wa Nice nchini Ufaransa. Mwaka 2026 yanarudi pamoja, siku moja, mahali pamoja, tarehe 10 mwezi wa kumi. Wanaotoka Ulaya wanafika mapema, wengine wiki mbili kabla, kwa sababu saa za kule zimegeuka kabisa, mchana wao ni usiku wa kwao.

Kwa upande wa Kivu hesabu ni nyepesi. Kati ya Goma na Hawaii kuna saa 12 kamili. Mzinga unapolia kule kisha saa kumi na mbili ya asubuhi, Goma ni kisha saa kumi na mbili ya jioni, siku hiyohiyo ya posho. Mabingwa watamaliza usiku wa manane wa Goma ukiwa umepita. Wale wa mwisho, wanaotembea gizani na taa kifuani huku saa 17 zikiwaishia, watakuwa bado njiani wakati watu wa Goma wanatoka kanisani siku ya Yenga.